Jaipal Singh Munda: Ardhi, Jina na Ridhaa katika Maendeleo ya Waadivasi wa India

Utangulizi

Harakati za uhuru wa India zinapotajwa, majina yanayomjia haraka msomaji wa Afrika Mashariki ni ya Gandhi na Nehru. Ni nadra kukumbukwa kwamba katika Bunge la Katiba lililoanza vikao vyake mjini Delhi tarehe 9 Desemba 1946, kulikuwa na mjumbe aliyewasemea watu wasiokuwa na hakika kama uhuru uliokuwa ukibisha hodi ungekuwa wao pia. Mjumbe huyo alikuwa Jaipal Singh Munda. Alikuwa mwana wa kijiji cha Wamunda, msomi wa Oxford, nahodha wa timu ya taifa ya mpira wa magongo na kiongozi wa jamii ambazo serikali ya kikoloni na wanasiasa wengi wa kizalendo waliziona kama mabaki ya zama zilizopita.

Makala haya yanaangazia maisha ya Jaipal Singh kwa kuyahusisha na suala ambalo lingali linazikabili jamii za aina hiyo hadi leo: ni nani anayeamua namna jamii itakavyobadilika? Hoja inayojengwa ni kwamba Jaipal hakuyapinga maendeleo. Alichokipinga ni maendeleo yanayoletwa bila ya ridhaa ya wenyewe. Aidha, maisha yake yanaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuitetea hoja hiyo bungeni na bado kuilinda katika biashara ya vyama vya siasa.

Ni muhimu kwanza kufafanua istilahi. Neno kabila, kama litumikavyo nchini Kenya, hurejelea jamii yoyote yenye asili na lugha moja, iwe kubwa au ndogo, ya wakulima, wafugaji au wavuvi. Nchini India mambo ni tofauti. Mbengali au Mgujarati haitwi mtu wa kabila, ingawa ana lugha na mila zake. Jamii zinazohesabiwa kuwa makabila ni zile ambazo kwa kawaida ziliishi nje ya mfumo wa Kihindu wa matabaka ya kuzaliwa, nyingi zikiwa milimani na misituni, na ambazo zimeorodheshwa kisheria. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2011, watu wa jamii hizo walikuwa takriban milioni 104, yaani asilimia 8.6 ya wakazi wote wa India. Wengi wao, hasa katika eneo la kati la nchi, hujiita Waadivasi, neno lenye maana ya wakazi wa asili.

Nchi Alikozaliwa

Jaipal Singh alizaliwa tarehe 3 Januari 1903 katika kijiji cha Takra, eneo la Khunti, kusini mwa mji wa Ranchi. Eneo hilo lipo katika nyanda za juu za Chota Nagpur, ambazo leo ni sehemu ya jimbo la Jharkhand. Lugha ya kwao, Kimunda, haina nasaba na Kihindi. Imo katika familia ya lugha za Kiaustroasia, ambayo ndiyo familia ya Kikhmer cha Kambodia na Kivietinamu.

Ili kumwelewa Jaipal, sharti kwanza ieleweke ardhi ya Wamunda. Kwa mila yao, ardhi ya kijiji ilikuwa mali ya ukoo uliofyeka msitu na kukifungua kijiji. Utaratibu huo uliitwa khuntkatti. Mtu mmoja hakuwa na uwezo wa kuiuza, kwa kuwa haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya waliolala chini ya mawe ya makaburi ya ukoo, ya walio hai na ya watakaozaliwa. Mawe hayo makubwa ya makaburi ndiyo yaliyokuwa hati miliki. Palipokuwa na mawe ya wahenga wa ukoo fulani, ndipo palipokuwa na haki ya ukoo huo.

Utawala wa Waingereza uliuvuruga mpango huo. Serikali ilihitaji kodi, na kodi ilihitaji mtu mmoja wa kudaiwa. Hivyo mabwanyenye, wakopeshaji fedha na wafanyabiashara kutoka nje wakapata hati za karatasi zilizotambuliwa na mahakama, ilhali mawe ya Wamunda hayakutambuliwa. Wageni hao waliitwa diku. Wahenga wa Waswahili walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nchi ya Wamunda mgeni alikuja, na mwenyeji akawa kibarua katika shamba la babu yake.

Chuki iliyotokana na hali hiyo ililipuka katika maasi ya mwaka wa 1899 na 1900 yaliyoongozwa na kijana Birsa Munda. Birsa alikamatwa na kufia katika jela ya Ranchi tarehe 9 Juni 1900. Maasi yalizimwa, lakini mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Upangaji Ardhi ya Chota Nagpur, iliyoitambua khuntkatti na kuzuia ardhi ya Waadivasi kuhamishiwa mikononi mwa watu wa nje. Jaipal alikuwa na umri wa miaka mitano wakati huo. Alikulia katika nchi ambayo kila mzee alijua bei iliyolipwa ili sheria hiyo ipatikane.

Elimu na Mpira wa Magongo

Kama vijana wengi wa Chota Nagpur wa kizazi chake, Jaipal aliipata elimu kwa mkono wa wamishenari. Alisomea shule ya St Paul's mjini Ranchi, iliyokuwa ya wamishenari wa Kianglikana. Mkuu wa shule hiyo, kasisi Cosgrave, alikitambua kipaji chake na mnamo mwaka wa 1918 akaenda naye Uingereza. Huko alisoma kwanza katika chuo cha St Augustine's mjini Canterbury, kisha akajiunga na chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikohitimu kwa heshima katika taaluma ya uchumi. Huko Oxford aling'aa pia katika mpira wa magongo, akachezea timu ya chuo kikuu katika nafasi ya ulinzi.

Baada ya kuhitimu, alifaulu kuingia katika Utumishi wa Umma wa India, kada ndogo ya watawala ambayo kila familia ya wasomi wa Kihindi iliitamani. Hata hivyo, mwaka wa 1928 alikabiliwa na uamuzi mgumu. India ilikuwa inapeleka timu ya mpira wa magongo katika michezo ya Olimpiki mjini Amsterdam, na Jaipal akateuliwa kuwa nahodha. Wakubwa wa Utumishi hawakumpa likizo. Alikwenda bila ya likizo.

Timu hiyo, aliyokuwamo mshambuliaji maarufu Dhyan Chand, ilicheza mechi tano, ikafunga mabao 29 na haikufungwa hata moja. Katika fainali iliyochezwa tarehe 26 Mei 1928, India iliwashinda wenyeji Uholanzi kwa mabao matatu kwa bila na kuitwaa medali ya dhahabu. Jaipal aliongoza mechi za mwanzo lakini hakucheza fainali. Aliiacha timu kabla ya hapo, na wasimulizi wanatofautiana kuhusu sababu. Lililo wazi ni kwamba aliporudi Uingereza alitakiwa kurudia mwaka mmoja wa mafunzo kama adhabu ya kuondoka bila ya ruhusa. Alikataa na kujiuzulu. Kijana wa Takra akawa ameiacha kazi ambayo ingemfanya mtawala wa wilaya nzima.

Tukio hili halipaswi kuchukuliwa kama kituko cha ujana tu. Linaonyesha tabia iliyomwandama maisha yake yote: Jaipal hakustahimili kuelekezwa na mtu aliyemwona kuwa hana haki ya kumwelekeza. Tabia hiyo ilikuwa nguvu yake alipoitetea jamii yake na, kama itakavyoonyeshwa, haikumsaidia siku alipohitaji uvumilivu wa muda mrefu.

Kutoka Kolkata hadi Achimota

Miaka iliyofuata ilimpitisha Jaipal katika kazi nyingi. Aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Burmah-Shell mjini Kolkata, mji ulioitwa Calcutta siku hizo. Alimwoa Tara Majumdar, mjukuu wa W. C. Bonnerjee aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha Congress mwaka wa 1885. Kwa ndoa hiyo aliingia katika familia za tabaka la juu kabisa la wasomi wa Kibengali.

Katikati ya miaka ya 1930 alikuja Afrika. Alifundisha masomo ya biashara katika chuo cha Achimota, nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast na ambayo leo ni Ghana. Achimota ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizotaka kumwelimisha Mwafrika bila ya kumtenga na lugha na sanaa zake, na Kwame Nkrumah alikuwa amehitimu mafunzo ya ualimu huko mwaka wa 1930. Jaipal aliporejea India mwaka wa 1937, alikwenda katika chuo cha Rajkumar mjini Raipur, kilichowasomesha wana wa wafalme, na baadaye akashika nyadhifa katika utawala wa dola ya Bikaner.

Kufikia hapo, ingewezekana kabisa Jaipal asihesabike miongoni mwa viongozi wa Wamunda. Alikuwa amekaa ughaibuni karibu nusu ya umri wake, akivaa na kula kama bwana wa Kiingereza. Swali la kama mtu wa aina hiyo anaweza kuwasemea wakulima wa misituni lilikuwa la haki, na wapinzani wake hawakuacha kuliuliza.

Marang Gomke

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1939. Waadivasi wa Chota Nagpur walikuwa tayari na vyama vyao, vingi vikiwa vimezaliwa katika shule za misheni na kugawanyika kwa misingi ya madhehebu: Waanglikana huku, Walutheri kule, Wakatoliki kwingine. Mwaka wa 1938 makundi hayo yalianza kuunganishwa katika chama kimoja kilichoitwa Adivasi Mahasabha, na Januari 1939 Jaipal aliombwa kuongoza mkutano wake mkuu mjini Ranchi. Watu walimiminika kutoka vijijini. Msomi aliyekuwa hajulikani sana kwao alipewa jina la Marang Gomke, yaani kiongozi mkuu kwa Kimunda.

Jina la chama hicho lilikuwa na uzito wake. Watawala waliwaita watu hao kwa majina ya kuwashusha hadhi, na katika Kihindi neno lililokuwa likipendekezwa ni banjati, lenye maana ya jamii za porini. Neno Adivasi liliyageuza mambo. Liliwafanya Wamunda, Wasantali, Waoraon na Waho wajione kuwa watu wenye dai moja, ingawa lugha zao zilitofautiana. Vilevile lilibadilisha mantiki ya mjadala: anayeitwa mtu wa porini hutakiwa kustaarabishwa, lakini anayeitwa mkazi wa asili hutakiwa kuombwa radhi na ruhusa.

Dai kuu la chama lilikuwa kutenganishwa kwa Chota Nagpur na jimbo la Bihar ili liwe jimbo la Jharkhand. Sababu za dai hilo hazikuwa za kihisia pekee. Ardhi hiyo ilikuwa na makaa ya mawe na madini ya chuma kwa wingi. Kiwanda cha chuma cha familia ya Tata kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1907 mahali palipokuja kuwa mji wa Jamshedpur. Utajiri ulikuwa unachimbwa chini ya miguu ya Waadivasi, ilhali maamuzi yalitolewa Patna, mji mkuu wa Bihar, na faida ikaenda mbali zaidi.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Jaipal aliunga mkono upande wa Uingereza na kuwahamasisha vijana wa Kiadivasi wajiunge na jeshi, wakati ambapo viongozi wa Congress walikuwa wakifungwa kwa kuidai Uingereza iondoke India. Uamuzi huo ulimletea lawama za usaliti. Kwa upande wake, hofu iliyomwongoza ilikuwa kwamba kuondoka kwa mkoloni wa mbali kungemwacha Mwadivasi mikononi mwa diku wa karibu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ingawa njia aliyoichagua iliwapa wapinzani wake fimbo ya kumchapia kwa miaka mingi.

Katika Bunge la Katiba

Tarehe 13 Desemba 1946 Nehru aliwasilisha hoja ya malengo ya katiba mpya. Siku sita baadaye Jaipal alisimama kuizungumzia. Hakukataa jina la mtu wa porini ambalo wengine walilitumia kwa dharau. Alilipokea hadharani kwa fahari. Aliwakumbusha wajumbe kwamba historia ya watu wake ilikuwa historia ya kunyang'anywa na kusukumwa na waliokuja baadaye, na kwamba watu hao hawakuhitaji kufundishwa demokrasia, kwa kuwa mabaraza ya vijiji vyao yalikuwa yakiamua mambo kwa makubaliano tangu zamani. Hata hivyo, aliiunga mkono hoja ya Nehru. Alichagua kuliamini taifa jipya, lakini akaweka imani hiyo wazi kama deni litakalodaiwa.

Kwa karibu miaka mitatu iliyofuata, alilidai deni hilo kifungu kwa kifungu. Mambo manne yanafaa kutajwa.

Kwanza ni jina. Alitaka neno Adivasi lenyewe litumike na akapinga neno banjati katika tafsiri ya Kihindi. Hakufanikiwa. Katiba ilichukua istilahi ya kiutawala inayoweza kufasiriwa kama Makabila Yaliyoorodheshwa. Tofauti kati ya majina haya si ndogo: la kwanza linadai haki inayotokana na historia, la pili linaeleza orodha iliyotengenezwa na serikali na inayoweza kurekebishwa na serikali.

Pili ni lugha. Orodha ya lugha zitakazotambuliwa na katiba ilipojadiliwa Septemba 1949, Jaipal aliomba lugha kadhaa za Waadivasi ziingizwe, zikiwemo Kimunda, Kigondi na Kioraon. Alitumia hoja ya idadi ya wasemaji: baadhi ya lugha hizo zilikuwa na wasemaji wengi kuliko Kisanskriti, ambacho kilipewa nafasi. Ombi lilikataliwa. Kisantali kiliongezwa katika orodha hiyo kwa marekebisho ya katiba ya mwaka wa 2003 tu, zaidi ya nusu karne baadaye. Kwa mwanafunzi wa lugha, hapa pana funzo kwamba hadhi ya lugha haiamuliwi na wingi wa wasemaji wala utajiri wa fasihi simulizi yake. Huamuliwa na wale walioketi mezani siku orodha inapoandikwa.

Tatu ni utamaduni. Novemba 1948, bunge lilipojadili kuielekeza serikali ipige marufuku vileo, Jaipal alipinga. Alieleza kuwa kwa Waadivasi pombe ya mchele ni sehemu ya ibada na sherehe, na kwamba wakulima wanaosimama majini kutwa nzima wakipandikiza mpunga huitegemea. Wajumbe wengi waliiona marufuku kuwa maendeleo ya kimaadili. Yeye aliiona kuwa dini ya watu fulani iliyogeuzwa sheria ya watu wengine.

Nne, na kubwa kuliko yote, ni ridhaa. Jedwali la Tano la katiba lilianzisha baraza la ushauri kwa majimbo yenye maeneo ya Waadivasi. Baraza hilo lina wajumbe wasiozidi 20, na robo tatu yao hutoka miongoni mwa wabunge wa jamii hizo katika bunge la jimbo. Jaipal alitaka baraza lenye sauti inayomfunga gavana. Lililopitishwa ni baraza linaloshauri. Gavana ndiye mwenye neno la mwisho. Kati ya kushauriana na mtu na kupata idhini yake kuna umbali mkubwa, na katika umbali huo ndimo vijiji vingi vilivyokuja kupotelea.

Pamoja na hayo, mafanikio yalikuwapo. Waadivasi walipewa viti maalum bungeni na nafasi katika utumishi wa umma. Viti hivyo viliwekwa kwa miaka kumi tu, lakini muda huo umeongezwa mara kwa mara, na ongezo la mwaka wa 2020 linaufikisha mwaka wa 2030.

Kupanda na Kushuka kwa Chama cha Jharkhand

Mwaka wa 1950 Mahasabha iligeuzwa kuwa Chama cha Jharkhand, kilichowafungulia mlango hata wakazi wasio Waadivasi. Alama yake ilikuwa jogoo. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1952, chama hicho kilipata viti 32 katika bunge la Bihar na kuwa chama kikuu cha upinzani. Jaipal mwenyewe aliingia katika bunge la taifa, akachaguliwa tena mwaka wa 1957, 1962 na 1967.

Pigo lilitoka kwa Tume ya Kupanga Upya Majimbo. Ripoti yake ya mwaka wa 1955 ililikataa dai la jimbo la Jharkhand. Miongoni mwa sababu ni kwamba Waadivasi walikuwa wachache katika eneo walilolidai, na kwamba Bihar ingedhoofika kiuchumi kwa kupoteza migodi na viwanda. Majimbo mengine yalikuwa yakichorwa kwa mipaka ya lugha. Jharkhand yenye lugha nyingi haikuwa na lugha moja ya kuonyesha. Uchache wenyewe ulikuwa na historia. Migodi na viwanda vilivyowaleta wafanyakazi kutoka nje ndivyo vilivyowafanya wenyeji wawe wachache, kisha uchache huo ukatumiwa kama hoja ya kuwanyima jimbo.

Wakati huohuo, serikali ya Nehru ilikuwa inajenga mabwawa na viwanda kwa kasi. Katika bonde la Damodar, mabwawa ya Maithon na Panchet yalifunguliwa mwaka wa 1957 na 1959, na Wasantali wengi wakahamishwa. Kiwanda kikubwa cha mitambo kilichoanzishwa Hatia, karibu na Ranchi, mwaka wa 1958, kilichukua ardhi ya vijiji vya Wamunda na Waoraon. Ahadi zilikuwa ajira na fidia. Ajira nyingi ziliwaendea waliokuwa na vyeti, na fidia ya fedha iliyolipwa kwa mtu mmojammoja haikuweza kununua tena kilichokuwa cha ukoo mzima. Mkulima aliyekuwa na shamba, msitu na makaburi ya wazee wake alibaki na noti zilizoisha kabla ya msimu wa pili wa mvua.

Chama nacho kilikuwa kinachoka. Mwaka wa 1962 viti vyake katika bunge la Bihar vilishuka hadi 20. Mwaka wa 1963 Jaipal alifanya uamuzi ulioichafua sifa yake kuliko mwingine wowote: alikiunganisha chama chake na Congress. Alipewa uwaziri katika serikali ya Bihar, lakini haukudumu. Jimbo la Jharkhand halikutolewa. Wanachama waliojihisi kuuzwa waliunda vyama vidogovidogo vilivyozozana kwa miaka mingi.

Watetezi wa Jaipal hudai kwamba alitumaini kulipata jimbo kutoka ndani ya serikali baada ya kulikosa kutoka nje. Inawezekana. Hata hivyo, mtu aliyesimama bungeni kudai kwamba wakubwa wasiwaamulie Waadivasi bila ya kuwauliza, aliliamua jambo kubwa namna hiyo kwa mapatano ya viongozi, pasipo kuvirudia vijiji vilivyompa jina la Marang Gomke. Kosa hilo halifuti hoja yake, linaithibitisha. Lilionyesha kuwa ridhaa ya watu ikikosekana, hata kiongozi wao mpendwa hawezi kuibadilisha kwa nia njema.

Jaipal Singh aliaga dunia tarehe 20 Machi 1970 mjini Delhi, akiwa na umri wa miaka 67. Kumbukumbu alizoziandika katika siku zake za mwisho zilichapishwa mwaka wa 2004.

Baada ya Jaipal

Jimbo la Jharkhand liliundwa tarehe 15 Novemba 2000, siku inayoadhimishwa kuwa ya kuzaliwa kwa Birsa. Lakini jimbo lililozaliwa si lile aliloliota Jaipal. Sensa ya mwaka wa 2011 ilionyesha kuwa Waadivasi ni asilimia 26.2 tu ya wakazi wake.

Miezi michache baada ya jimbo kuundwa, Februari 2001, polisi waliwaua watu wanane huko Tapkara, katika eneo hilohilo la Khunti alikozaliwa Jaipal. Waliouawa walikuwa miongoni mwa wanavijiji waliokuwa wakipinga mradi wa umeme wa maji wa Koel-Karo, uliokusudiwa kuvizamisha vijiji vyao pamoja na makaburi ya wazee wao. Upinzani huo ulikuwa umedumu tangu miaka ya 1970, na mradi ukaachwa mwaka wa 2003.

Sheria nayo imesogea, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Sheria ya mwaka wa 1996 kuhusu serikali za vijiji katika maeneo yaliyoorodheshwa ilivipa vikao vya kijiji haki ya kushauriwa kabla ya ardhi kuchukuliwa. Sheria ya mwaka wa 2006 ilitambua haki za wakazi wa misituni. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru wanavijiji wa milima ya Niyamgiri, jimboni Odisha, waulizwe kuhusu mgodi uliopangwa katika mlima wanaouabudu. Vijiji 12 viliulizwa, na vyote 12 vikakataa. Hapo ndipo neno ridhaa, ambalo Jaipal hakuweza kuliingiza katika Jedwali la Tano, lilipopata meno kwa mara mojawapo adimu.

Mwaka wa 2016 serikali ya Jharkhand ilijaribu kuirekebisha sheria ile ya ardhi ya mwaka wa 1908. Maandamano yalizuka, na mwaka wa 2017 gavana wa jimbo, Droupadi Murmu, mwanamke wa Kisantali, aliurudisha mswada bila ya kuutia saini. Mwaka wa 2022 mama huyo alikuwa rais wa India, Mwadivasi wa kwanza kukikalia kiti hicho. Katika miaka hiyohiyo ya 2017 na 2018, wanavijiji wa Khunti walisimamisha mawe makubwa kwenye milango ya vijiji vyao, kama walivyofanya wazee wao, ila safari hii mawe yalichongwa vifungu vya katiba vinavyohusu maeneo yao. Serikali iliwafungulia mashtaka ya uchochezi. Serikali mpya iliyoingia Desemba 2019 iliamua kuyafuta.

Hitimisho

Maisha ya Jaipal Singh Munda hayatoi picha ya shujaa asiye na doa. Aliwaunganisha watu wake kisha akawaacha wagawanyike. Aliidai ridhaa kisha akaisahau siku iliyohusu chama chake. Pamoja na hayo, maswali aliyoyauliza kati ya mwaka wa 1946 na 1949 ndiyo yanayoulizwa bado kila mgodi unapopimwa na kila bwawa linapochorwa: jamii hii inaitwaje na nani kaipa jina hilo, inasema lugha gani na lugha hiyo inasikika wapi, ardhi hii ni ya nani, na je, wenyewe wamekubali?

Mawe ya Khunti yanayajibu maswali hayo kwa namna ambayo pengine Jaipal angeifurahia. Wamunda hawakuchagua kati ya mila na katiba. Waliichukua katiba, ambayo mwana wao alishiriki kuiandika, wakaichonga juu ya jiwe, ambalo ndilo hati miliki ya wazee wao. Mabadiliko ya kijamii yanapokuwa ya wenyewe, jipya huandikwa juu ya la kale bila ya kulivunja.